Maji Yaliyopita Katika Risasi



Kila mtu aliyepata kuvaa sare, awe wa jeshi au wa polisi, alifundishwa katika siku za kwanza za mafunzo yake kwamba maji yasiyochemshwa ni adui. Amri hiyo imeokoa maisha ya askari wengi kuliko handaki, kwa kuwa katika vita vingi vya zamani kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo viliua watu kupita silaha za upande wa pili. Hatuna haja ya kuibishia. Lakini yafaa tujue kwamba iko sumu moja ya majini ambayo moto hauiwezi. Maji yenye sumu hiyo yakiinjikwa, hupungua kwa mvuke, na sumu yenyewe hubaki yote sufuriani, hata kila kikombe kikawa na sumu nyingi kuliko kilivyokuwa nayo kabla ya kuchemshwa. Sumu hiyo ni risasi.

Katika lugha yetu neno hilo moja hutaja madini, tena hutaja kile kitokacho mdomoni mwa bunduki, kwa sababu cha pili kilifanywa kwa cha kwanza. Askari anaijua sana risasi ya bunduki. Ina mlio, ina jeraha, na aliyeipiga aweza kutafutwa akapatikana. Risasi tunayoizungumza leo haina mlio. Hutoka katika bomba, huingia katika maji bila kuyabadili rangi, harufu wala ladha, na mtoto aliyeipokea haanguki. Hukua, lakini hakui kama ambavyo angekua.

Kwa hiyo tutasimulia mambo yaliyowapata watu wa mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, tangu mwaka 2014. Hatusimulii kwa kufurahia aibu ya taifa kubwa. Mwenye nyumba ya makuti hamcheki jirani yake anayeunguliwa. Twasimulia kwa sababu mambo ya Flint yaliandikwa yote, yakapimwa, yakafikishwa bungeni na mahakamani, na kwa sababu ndani yake mna raia, mna wakubwa wa serikali, na mna askari waliotumwa kubisha hodi.

Flint ni mji wa viwanda. Kampuni ya motokaa ya General Motors iliundwa huko mwaka 1908. Wanahistoria wa vyama vya wafanyakazi wanaukumbuka kwa mgomo mkubwa ulioanza tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi walipokaa ndani ya viwanda wakakataa kutoka. Mwezi Januari 1937, baada ya mapambano kati ya polisi na wagomaji, gavana alituma kikosi cha National Guard, yaani askari wa akiba wa jimbo. Wengi walidhani askari hao wamekuja kuwatoa wagomaji kwa nguvu. Hawakufanya hivyo, walisimama katikati mpaka makubaliano yalipotiwa sahihi mwezi Februari. Naomba msikilizaji auweke moyoni mwezi huo wa Januari, kwa maana tutaurudia.

Katika mwaka 1960 Flint ilikuwa na watu karibu 200,000. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na kufikia mwaka 2014 walikuwa wamebaki watu kama 100,000. Zaidi ya nusu yao walikuwa Wamarekani weusi, na watu kama wanne katika kila kumi waliishi katika umaskini. Hazina ya mji ikawa tupu. Tangu mwaka 2011 serikali ya jimbo iliuweka mji chini ya wasimamizi wa dharura walioteuliwa na gavana, na meya pamoja na madiwani waliochaguliwa kwa kura wakabaki na vyeo bila madaraka makubwa. Kazi ya msimamizi ilikuwa kupunguza gharama. Katika kutafuta cha kupunguza, macho yaliangukia maji.

Kwa karibu miaka hamsini Flint ilikuwa ikinunua maji kutoka mji wa Detroit, maji yaliyotoka katika ziwa kubwa la Huron yakiwa yamekwisha safishwa. Tarehe 25 Aprili 2014 koki ya Detroit ilifungwa, na mji ukaanza kunywa maji ya mto wake wenyewe, Mto Flint. Viongozi waliinua bilauri wakayanywa mbele ya wapiga picha. Ilikusudiwa kuokoa dola milioni kadhaa mpaka bomba jipya la kuleta maji ya ziwani litakapokuwa tayari.

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Chini ya barabara za Flint bomba kuu lilikuwa la chuma, lakini mabomba madogo, yale yanayotoka katika bomba kuu kuingia nyumbani, yalikuwa kwa maelfu ya risasi. Maji ya Detroit yalikuwa yametiwa dawa ya fosfati. Fosfati hujenga ukoko mwembamba ndani ya bomba, mfano wa ule ukoko mweupe unaoonekana ndani ya birika lililotumika siku nyingi, na ukoko huo huyatenga maji na risasi. Maji ya mto yalikuwa na chumvichumvi za klorini nyingi zaidi, zenye tabia ya kula madini, na mitambo ya mji haikuyatia fosfati hata kidogo. Ukoko uliojengeka kwa miaka mingi ukaanza kubanduka. Nyuma yake risasi ikawa uchi.

Dalili zilikuja upesi. Maji yalitoka rangi ya kutu, yakanuka, yakawasha ngozi. Mwezi wa Agosti na wa Septemba 2014 vijidudu vya kinyesi vilionekana katika maji, na wananchi wakaamriwa wachemshe. Wakachemsha. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliomba kuacha kutumia maji ya mji, kwa kuwa yalikuwa yakila vyuma vyake, na ombi likakubaliwa. Injini zikapata maji mengine. Watoto waliendelea na yaleyale kwa mwaka mmoja zaidi.

Msikilizaji atauliza, ni nani aliyeweka risasi katika njia ya maji ya kunywa, na je, hakujua? Jibu linaturudisha nyuma sana. Warumi wa kale waliiita madini hii plumbum, na fundi wa bomba kwa Kiingereza mpaka leo huitwa kwa jina lililotokana na neno hilo. Vitruvius, mhandisi aliyeandika kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alishauri kwamba maji yapitishwe katika mabomba ya udongo wa kuchomwa na si ya risasi, akitoa hoja ya kipolisi kabisa: watazameni mafundi wanaoifua risasi, jinsi miili yao ilivyofifia rangi. Na mwaka 97 baada ya kuzaliwa Isa, mfalme Nerva alimteua jemadari mmoja, Frontinus, awe msimamizi wa maji ya mji wa Roma. Frontinus alikuwa amekwisha kuwa gavana wa Uingereza na kupigana na makabila ya milima ya Wales. Aliandika kitabu cha hila za vita ambacho wanajeshi walikisoma kwa karne nyingi. Alipokabidhiwa maji aliyakagua kama akaguavyo ngome. Akagundua mabomba ya wizi yaliyotobolewa chini ya barabara, vipimo vya uongo, na mafundi wanaouza maji ya umma kwa siri. Bomba la risasi lenyewe, hata hivyo, hakulihukumu. Mwaka 2014, mwaka uleule wa Flint, wataalamu waliopima udongo wa bandari ya kale ya Roma walieleza kwamba maji ya mabomba ya mji huo huenda yalikuwa na risasi hata mara mia moja kupita maji ya chemchemi za jirani, ingawa hawakuona kwamba kiasi hicho ndicho kilichouangusha ufalme. Habari ya Roma kufa kwa risasi imepambwa mno na wasimuliaji.

Karne ya 19 ilipojenga miji mikubwa, risasi ilipendwa kwa sababu ambazo fundi yeyote atazielewa. Ni laini, hukunjwa kwa mikono ikazunguka pembe ya nyumba. Ardhi ikitikisika haivunjiki. Hudumu kuliko chuma. Mji wa Flint ulipitisha sheria ndogo mwaka 1897 kwamba kila kiungo na bomba kuu kiwe cha risasi. Chicago ililazimisha jambo hilo mpaka mwaka 1986, bunge la Marekani lilipopiga marufuku mabomba mapya ya risasi. Katika Scotland, mji wa Glasgow ulianza mwaka 1859 kunywa maji safi ya ziwa Katrine, maji yasiyo na chokaa, yaliyopita katika mabomba ya risasi majumbani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye madaktari walipowapima watu wa Glasgow waliikuta risasi katika damu yao, na ndipo maji yakaanza kutiwa chokaa, na baadaye fosfati.

Wala si kwamba hapakuwa na onyo. Mwaka 1890 halmashauri ya afya ya jimbo la Massachusetts ilikwisha ishauri miji yake iepukane na mabomba ya risasi. Lakini wafanya biashara wa risasi waliunda chama chao mwaka 1928, wakaenda mji kwa mji wakiwashawishi mafundi na watunga sheria wasiiache. Ushauri wa daktari ulikaa ndani ya faili. Ushawishi wa mwuzaji ukaingia katika kanuni za ujenzi.

Na kwa nini tuiogope? Mwili wa binadamu huidhani risasi kuwa ni kalisi, ile inayojenga mifupa, ukaipokea na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi. Mama mjamzito huitoa tena, pamoja na kalisi halisi, akampa mtoto aliye tumboni. Mtoto mchanga hunyonya risasi kutoka chakula na maji kwa kiasi kikubwa kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio unaojengwa wakati huo. Matokeo yake ni uzito wa kujifunza, kukosa utulivu, na upungufu wa damu. Kwa watu wazima huleta shinikizo la damu na maradhi ya figo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa maji ya kunywa limeweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita, nao ni mpaka wa kinachowezekana kutekelezwa, si wa usalama kamili.

Tumrudie raia wa Flint. Mama mmoja, LeeAnne Walters, aliona watoto wake wakitokwa na vipele, nywele zikinyonyoka, na mmoja wa mapacha wake akiacha kukua. Alipiga kelele mpaka maji ya nyumba yake yakapimwa. Mwezi Februari 2015 yalionekana kuwa na mikrogramu 104 za risasi kwa lita, na mwezi uliofuata 397. Serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imeweka 15 kuwa kiwango cha kuchukua hatua. Aliambiwa kwamba tatizo ni la nyumba yake. Mama huyu hakuwa mtaalamu, lakini alikaa akasoma nyaraka za mji usiku na mchana, akagundua kwamba maji hayatiwi dawa ya kuzuia kutu. Akampigia simu ofisa mmoja wa idara ya kulinda mazingira ya serikali kuu, Miguel Del Toral, ambaye mwezi Juni 2015 aliandika taarifa ya kuwaonya wakubwa wake. Mwezi Julai msemaji wa idara ya jimbo akawatangazia watu redioni kwamba wasiwe na wasiwasi.

Ni hapa ambapo askari mpelelezi atavutiwa zaidi. Idara ilikuwa na vipimo vyake, navyo vilionyesha nafuu. Lakini wenye nyumba walikuwa wameelekezwa wafungulie maji kwa dakika kadhaa usiku kabla ya kuchukua sampuli asubuhi. Maana yake bomba lilioshwa kwanza, ndipo likapimwa. Ni sawa na kufagia mahali pa tukio kabla ya mpiga picha kufika. Isitoshe, sampuli mbili zenye risasi nyingi, mojawapo ikiwa ya nyumba ya Walters, ziliondolewa katika hesabu, na jumla ya mji ikashuka chini ya 15.

Wananchi walifanya upelelezi wao. Profesa Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech alituma masanduku 300 ya chupa za kupimia. Wanawake, wachungaji wa makanisa na vijana waliyapeleka mlango kwa mlango, wakimweleza kila mwenye nyumba asiguse koki kwa saa sita, kisha akinge maji ya kwanza kabisa. Chupa zaidi ya 250 zilirudi zimejazwa na kuandikwa sawasawa. Watu waliodharauliwa kwamba hawajui kitu walikusanya ushahidi bora kuliko idara yenye maabara. Katika nyumba ya Walters sampuli moja ilifikia mikrogramu 13,200 kwa lita. Maji yenye risasi 5,000 huhesabiwa na sheria ya Marekani kuwa ni takataka za hatari.

Tarehe 24 Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na takwimu za damu. Watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa na risasi nyingi walikuwa wameongezeka kwa kiasi cha maradufu. Katika maandishi aliyochapisha baadaye ni kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9, na katika mitaa iliyoathirika sana, kutoka 4.0 hadi 10.6. Wakubwa walimkana kwanza. Siku chache baadaye wakakubali. Tarehe 16 Oktoba mji ulirudishiwa maji ya Detroit, lakini mabomba yalikuwa yamekwisha jeruhiwa, na ukoko haujengwi kwa siku moja. Katika muda huo ugonjwa wa mapafu uitwao Legionnaires ulikuwa umewaua watu 12.

Sasa tuurudie mwezi Januari. Tarehe 12 Januari 2016, miaka 79 baada ya mgomo ule, gavana wa Michigan aliwaita tena askari wa National Guard waende Flint. Polisi wa jimbo na wasaidizi wa kujitolea walikuwa wameanza kuzunguka na maji ya chupa, machujio na vipimo. Askari wakapanga foleni za magari kwenye vituo vya zimamoto, wakabeba makatoni, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo waliifanya kwa utaratibu mzuri na hakuna anayewanyima sifa yake.

Lakini kulikuwa na milango isiyofunguliwa. Katika Flint waliishi wahamiaji wa Kihispania, wengine bila karatasi za ukaazi. Matangazo ya hatari yalikuwa yametolewa kwa Kiingereza. Vituo vingine viliwataka watu waonyeshe vitambulisho ndipo wapewe maji. Mtu aliyechungulia dirishani akaona mavazi ya kijeshi alidhani amefuatwa kufukuzwa nchini, akazima taa na kunyamaza, huku akiwapikia watoto wake kwa maji yaleyale. Serikali ilipotambua hivyo ikaondoa sharti la kitambulisho, na makanisa yakatuma watu wanaosema Kihispania. Nadhani jambo hili lastahili kufikiriwa katika kila chuo cha polisi. Askari aliyebeba maji na askari aliyebeba pingu huvaa sare moja, na mwananchi aliye nyuma ya mlango hana njia ya kujua ni yupi amekuja.

Yapo mambo ambayo mkaaji wa nyumba aweza kuyafanya mwenyewe, na watu wa Flint waliyajifunza kwa taabu. La kwanza ni kulijua bomba lake. Mahali bomba linapoingia nyumbani likwanguliwe kidogo kwa ukingo wa sarafu. Risasi ni laini, hukwanguka upesi ikang'aa kama fedha, sumaku haiishiki, na ukiigonga hutoa mlio mzito uliokufa. Chuma hushikwa na sumaku. Shaba huonyesha wekundu wake.

Maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha ndiyo mabaya kuliko yote. Kwa hiyo asubuhi yafunguliwe yapite kwa dakika kadhaa kabla ya kukinga ya kunywa. Ya kwanza hayana haja ya kutupwa, yafaa kudeki na kufulia, kwa kuwa risasi haiingii mwilini kwa ngozi kwa kiasi cha kutisha. Maji ya moto ya bombani yasipikiwe wala yasikorogewe maziwa ya mtoto, maana joto huzidi kuiyeyusha risasi. Yakingwe baridi, ndipo yachemshwe. Kuchemsha huko ni kwa ajili ya vijidudu tu, kama tulivyokwisha sema. Kichujio kidogo cha waya kilichofungwa mdomoni mwa koki hukusanya chembe za risasi, nacho kifunguliwe na kusafishwa mara kwa mara. Chujio la maji liwe lile lililothibitishwa hasa kwa risasi, si kila chujio lenye picha ya chemchemi kwenye boksi. Mtoto apewe chakula chenye madini ya chuma na kalisi, yaani dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, kwa kuwa mwili wenye njaa ya madini hayo huipokea risasi kwa pupa. Na mwenye shaka amwombe daktari ampime mtoto damu.

Hayo yote ni kinga ya muda. Dawa ni kulitoa bomba, na kulitoa zima. Miji mingine imekata nusu iliyo chini ya barabara ikaacha nusu iliyo ndani ya ua wa mwenye nyumba, na msukosuko wa kukata ukabandua risasi zaidi kwa wiki na miezi.

Katika Afrika ya Mashariki mabomba ya majumbani kwa sehemu kubwa ni ya chuma kilichopakwa zinki au ya plastiki, na twaweza kushukuru. Hata hivyo mwenye kushukuru asilale. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 kutoka Ghana, Mali na Niger uliikuta risasi katika maji ya pampu na koki za vijijini, mahali ambapo hapakuwa na bomba lolote la risasi. Ilitoka katika vipande vya shaba iliyochanganywa na zinki, ambamo risasi hutiwa ili shaba ichongeke kwa urahisi. Mhandisi wa kambi anayeagiza koki anao uwezo wa kuuliza zina risasi kiasi gani. Na askari asiyeyushe risasi kuukuu au betri ya gari katika jiko ambalo mkewe atalipikia ugali.

Kwa habari ya betri, watu wa Owino Uhuru katika Mombasa nchini Kenya wanayo ya kusimulia. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa mtaa huo tangu mwaka 2007 mpaka 2014, moshi na maji yake machafu yakiingia majumbani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kuonekana ana risasi mwilini. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Mwezi Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya hukumu hiyo kutenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliirudisha mwezi Desemba 2024. Serikali na idara zake ziliwekewa sehemu kubwa ya malipo hayo.

Flint ilipata fedha, lakini haikupata mtu wa kujibu katika kizimba. Fidia ya dola zaidi ya milioni 626 ilithibitishwa na mahakama mwezi Novemba 2021. Wakubwa kadhaa, pamoja na aliyekuwa gavana, walifunguliwa mashtaka ya jinai, lakini mwezi Juni 2022 Mahakama Kuu ya Michigan iliamua kwamba utaratibu uliotumika, wa hakimu mmoja kusikiliza ushahidi kwa siri na kutoa hati za mashtaka, haukuwa halali. Mwaka 2023 kesi zote zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyefungwa. Mpelelezi anayepuuza taratibu kwa haraka ya kumpata mkosaji na aisome kesi hiyo.

Kazi ya kuyachimbua mabomba alikabidhiwa mwanajeshi, Brigedia Jenerali mstaafu Michael McDaniel wa National Guard, mwezi Februari 2016. Adui wake wa kwanza alikuwa kabati la mafaili. Kumbukumbu za mabomba ya mji zilikuwa katika kadi kama 45,000 zilizoandikwa kwa mkono, nyingine zimefutika, nyingine zikisema shaba mahali penye risasi. Bomba la kwanza lilitolewa tarehe 4 Machi 2016. Mwaka 2017 wananchi waliokuwa wameshtaki, wakiwemo wachungaji wa mji, walipata makubaliano mahakamani kwamba jimbo lilipe gharama ya kuyatoa mabomba yote. Ahadi ilikuwa miaka mitatu. Mwezi Julai 2025 jimbo liliiarifu mahakama kwamba kazi imekwisha: mabomba ya risasi karibu 11,000 yametolewa, na viwanja zaidi ya 28,000 vilivyochimbwa vimefukiwa na kurudishwa kama vilivyokuwa. Maji ya Flint yalikuwa yamepimwa na kuonekana ndani ya kiwango kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Wengi wa wakaaji wameendelea kununua ya chupa.